Lampe Si Taa

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililonifunga. Kwetu Uvira, kile kichupa cha kioo kilichomo ndani ya redio ya zamani, kinachowaka wekundu tumboni na kuikuza sauti, tunakiita lampe. Tulirithishwa na Wabelgiji, pamoja na mengine ambayo leo siyataji. Wamalawi wanakiita valvu, kwa Kiingereza. Mimi nikisikia valvu nawaza tairi la baiskeli. Wao wakisikia lampe wanawaza taa ya kuning'inia darini. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi pia nilicheka, tena nilicheka miezi miwili mizima.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu Dzaleka, kule Malawi, ifanywe kambi ya wakimbizi. Kabla ya hapo ilikuwa gereza, na si gereza la wezi wa kuku, bali la watu waliosema neno lisilowapendeza wakubwa. Sisi tuliofika mapema tulipewa yale yale majengo. Chumba changu na mke wangu kilikuwa seli. Dirisha lilikuwa juu, karibu na bati, dogo kiasi cha kupitisha paka aliyekonda, na komeo la mlango lilikuwa upande wa nje. Upande wa nje, jamani! Unaingia kwako kulala, unavua viatu, na komeo liko kwa watu wengine. Tuliegemeza jiwe mlangoni kwa ndani, lakini jiwe si komeo.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na mimba ya miezi mitano. Siku moja aliacha kushona, akaweka mkono tumboni, akaniambia, "Mi sitazalia mutoto ndani ya gereza. Njo hivyo. Tafuta namuna."

"Namuna gani? Unaniona mi niko na gari?"

"We ni fundi ao si fundi?"

Akaapa kwa jina la mama yake mzazi. Watu wa kwao Fizi hawaapi ovyo. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimtazama tumbo kama mtu anavyotazama saa, nikihesabu wiki zilizobaki, na kila wiki niliichukia kambi ile zaidi. Kutoka bila ruhusa hakuna. Ukikamatwa Madisi au Lilongwe huna karatasi, unarudishwa na jina lako linawekwa alama. Basi tulizunguka mle mle, tukipishana na sura zile zile, tukisalimiana mara nne kwa siku kwa kukosa la kufanya.

Kisha akaja abusa. Ndivyo wanavyomwita mchungaji kule, abusa. Huyu alikuwa na kanisa lake Area 18 mjini Lilongwe, akaja kutuhubiria Jumapili moja. Kwaya yetu iliimba kwa ampli, mashine ya kukuza sauti, niliyoifufua mwenyewe kutoka kwenye mzoga wa redio mbili. Baada ya ibada akauliza ni nani aliyekitengeneza kile kitu. Nikasukumwa mbele. Mwalimu wa kwaya, aliyejua Kiingereza, akatutafsiria. Kanisani kwake kulikuwa na kinanda cha umeme kilichoachwa na wamisionari, kizee, cha mbao, chenye miguu ya kukanyagia. Kimekuwa bubu miaka mingi. Mafundi wawili wa mjini walikifungua wakakifunga tena. Kikilia siku ya Pasaka, akasema abusa, ataandika barua serikalini niruhusiwe kukaa Lilongwe na familia yangu, niwe mtunzaji wa kinanda. Nyuma ya kanisa kuna chumba kitupu.

"Kina dirisha?" mke wangu akauliza.

Mwalimu akamtafsiria. Abusa akainua vidole viwili. Madirisha mawili. Mke wangu akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na kitenge chake cha kanisani.

Jumatatu nikapanga foleni ya ruhusa. Karani alikuwa Mmalawi mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaniuliza ninakwenda kufanya nini Lilongwe. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, na Chichewa cha kusalimia na kusema zikomo, yaani asante. Nikamwambia, "Lampe. Lampe ya kanisa. Mi fundi."

"Ah, magetsi!" akasema, yaani umeme, taa. Akaandika mstari mmoja, akagonga muhuri. Pasi ya siku moja, asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Nilishangaa kuona ilivyokuwa rahisi. Wenzangu nyuma yangu walikataliwa wote.

Kanisani nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye kiti cha kinanda kama mtu anayelinda maiti. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Yeye ndiye aliyekipiga kinanda kile zamani, kabla hajakimbilia Tanzania na kukaa huko miaka mingi. Alikuwa amerudi juzijuzi tu, serikali ilipobadilika. Kiswahili chake kilikuwa cha Mbeya, kimenyooka, na changu kilimkera tangu salamu.

"Mama, bantu ba hapa balisema kinanda kiko na ugonjwa gani?"

"Bantu ndio nini, mwanangu? Sema watu."

"Mi nasema vile nilinyonya."

"Basi ulinyonya vibaya," akasema, na akacheka mpaka miwani ikateleza. Nikampenda hapohapo, ingawa alinitesa.

Akaomba pasi yangu aione. Akasoma. Akasoma tena. "Hapa wameandika unakuja kutengeneza taa za kanisa."

"Taa?"

"Taa. Ulimwambia nini yule karani?"

Nikamweleza habari ya lampe. Alipomaliza kucheka akawa mkali ghafla, uso wa mwalimu. "Karekebishe. Karatasi ya serikali si ya kuchezea. Mimi najua ninachosema."

Nikamjibu, "Mama, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Karani ametia muhuri bila maswali. Nikianza kumweleza habari ya vichupa ndani ya kinanda, ataniona mwongo."

"Haya," akasema. "Umekua." Kwa walimu neno hilo si sifa, maana yake huambiliki.

Akaniuliza ninakaa wapi. Nilipotaja Dzaleka alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Mume wake alifungwa huko, kwa sababu ya neno alilosema kwenye mkutano wa shule. Akatoka mgonjwa, wakakimbia, akafia ugenini. Hakuniuliza tena habari za kambi, nami sikumsimulia. Sikuthubutu kumwuliza alifungwa chumba gani.

Nikafungua kinanda. Ndani mlikuwa na magurudumu madogo ya chuma yanayozungushwa na mota. Hayo ndiyo yanayozaa sauti, lakini inazaliwa changa, haisikiki. Kwanza inapita kwenye kisanduku cha bati chenye lampe, sisi tunakiita preampli, inalelewa humo mpaka iwe na nguvu ya kwenda kwenye spika. Magurudumu yalikuwa mazima. Ugonjwa ulikuwa kwenye preampli. Kondansa, vile vipipa vidogo vya kutunzia umeme, zilikuwa zimetoka nta kama mshumaa. Hizo hakuna kuzihurumia, zinatolewa, zinawekwa mpya. Lakini kulikuwa na rezistansi pia, vijiti vyenye mistari ya rangi, kazi yao kuubana umeme. Hapo ndipo penye kazi ya akili. Rezistansi imeandikwa mia, lakini joto la miaka thelathini limeipandisha, ukiipima unakuta mia na thelathini, nyingine mia na hamsini. Kitabu kitakwambia imekufa. Sikio litakwambia hapo ndipo utamu ulipo.

Fundi aliyenifundisha Uvira alikuwa na sheria moja: toa moja, weka moja. Usitoe ya pili kabla ya kwanza haijapata mrithi. Ukivunja sheria hiyo alikugonga kisogoni kwa mpini wa bisibisi. Naijua sheria hiyo kuliko amri kumi.

Nikaivunja. Ilikuwa saa nane mchana, pasi inakwisha saa kumi na moja, na bado ningetafuta matola, yale magari ya mizigo yanayobeba watu, kisha kutembea kutoka barabara kuu. Nilipima rezistansi nne hivi, zote zimepanda. Nikaona nitachelewa. Nikazikata zote kumi na mbili, pamoja na kondansa, kwa mkupuo mmoja, nikazitupa kwenye kopo la maziwa. Nikaweka mpya, nilizopata kwenye stoo ya duka la Mhindi mmoja mjini, kufuata mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko. Nikajiona kidume.

Kinanda kikalia. Abusa alitoka ofisini mbio, akapiga makofi. Sauti ilikuwa kubwa, safi, haina doa. Yule mama akapiga mistari miwili ya wimbo, akatoa mikono.

"Huyu ni nani?"

"Ni kinanda chako, mama."

"Siye. Huyu ameoga mno. Yule wangu alikuwa na mkwaruzo kooni, hasa chini huku, kama mtu aliyelia jana akaamka kuimba. Mmemtoa wapi huyu?"

Abusa akasema kwa upole kwamba sauti ni nzuri sana. Mama akamwambia basi akipige yeye. Hakuna mwingine aliyejua kukipiga, na abusa alilijua hilo. Akanigeukia akafungua mikono: agogo, yaani bibi yule, asipotaka, hakuna Pasaka, hakuna barua. Nilikasirika mno. Nilitaka kumwambia yule mama, mke wangu anangoja madirisha mawili, nawe unaniletea habari za mkwaruzo! Lakini nilikuwa nimesikia. Hilo ndilo lililoniuma. Hata mimi nilisikia kwamba alisema kweli, na kwamba mkono wangu ndio uliomwua.

Nikarudi kambini na kopo langu la maziwa likilia mfukoni. Rezistansi kumi na mbili, na sikujua ipi ilikaa wapi.

Ndipo zikaanza pasi. Ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara foleni, kila mara karani anaandika bila kuuliza, magetsi, muhuri. Mara ya nne alinitazama. "Kanisa hilo lina taa ngapi?"

"Nyingi," nikasema. Akacheka, nikacheka naye, na mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akashika kiuno. Tulikuwa na haja ya kucheka. Tumbo lilikuwa limefika miezi sita na zaidi, miguu yake imevimba, na hewa mle ndani mchana haikuwa na pa kupitia. Alikuwa akikaa kwenye kizingiti na cherehani yake ya mkono, nusu ndani nusu nje. Ukimwambia aingie apumzike, anakuuliza apumzike wapi.

Area 18 nilikuwa nachomeka rezistansi moja, mama anapiga mistari ile ile miwili, anasema hapana. Naitoa, naweka nyingine. Hapana. Karibu. Hapana, umekwenda mbali tena. Moshi wa risasi ya kulehemu ulinikaa kooni mpaka usiku. Mara mbili umeme ulining'ata mkono mpaka begani, nikatukana Kifaransa, mama akasema hilo analielewa bila mkalimani. Muda wote nilikuwa natazama saa ya ukutani. Saa tisa ikifika nusu ya akili iko barabarani inatafuta matola. Hata nikiwa mjini nilikuwa kambini. Nilikuwa nimefungwa kamba ndefu tu, basi.

Pasi ya tano ndiyo iliyonifungua macho. Jua la asubuhi liliingia kwa pembeni, nikaona kile kibao kinachobeba rezistansi. Chini ya kila mahali palipokaa rezistansi palikuwa na alama ya kuungua, ya kahawia, ndefu kama rezistansi yenyewe. Nyingine hafifu, nyingine karibu nyeusi. Nikapiga kelele, abusa akadhani nimenaswa. Si joto ndilo linalopandisha rezistansi? Basi iliyopanda zaidi ndiyo iliyochoma zaidi! Nikamwaga kopo mezani, nikapima zote kwa mita, nikazipanga kutoka ndogo mpaka kubwa. Kisha nikapanga alama kutoka hafifu mpaka nyeusi. Zile zilizofanana mno nilimwachia mama aziamue kwa sikio. Na nikarudi kwenye sheria: toa moja, weka moja.

Ilichukua siku hiyo na pasi mbili zaidi. Kondansa nilibakiza mpya, maana za zamani zingekiunguza. Mbili kati ya rezistansi zilikuwa zimepasuka, nikaunga vijiti viwili viwili vipya mpaka mita ikasoma hesabu ile ile ya uzee wake. Lampe zilikuwa nne, nikasafisha miguu yake tu, sikubadilisha hata moja.

Siku ya pasi ya saba, wiki moja kabla ya Pasaka, mama akakaa, akapiga. Akarekebisha miwani. Akapiga tena, sauti za chini, pole pole, na mkwaruzo ukaja, ule ule, nami nikausikia kwenye mbavu. Machozi yalimtoka akayaacha. "Ndiye," akasema. "Sikiliza alivyo na kiburi." Alikipiga saa nzima bila kupumzika, abusa akakaa kwenye benchi la mbele na viatu amevua. Nilifurahi siku ile. Sijawahi kuifurahia kazi ya mikono yangu vile, kabla wala baada.

Abusa alitimiza ahadi. Barua ilikuwa ndefu, na mama alinisomea kwa Kiswahili: fundi huyu ana ujuzi ambao katika mji wote hatukuupata. Tukaenda ofisi ya serikali ya wakimbizi, pale mjini, siku hiyo hiyo, mimi na abusa. Mke wangu alikuwa ameshaanza kugawa vitu. Sufuria kubwa na mkeka alimpa jirani yetu, mama Mwislamu wa Kindu aliyeuza chumvi na sabuni.

Afisa alikuwa kijana, amevaa tai. Akasoma barua mpaka mwisho, akaonyesha kupendezwa. Kisha akaagiza faili langu. Likaletwa, jembamba, lina karatasi saba. Akazitandaza mezani moja moja, kama mtu anayepanga karata.

Abusa alinitafsiria kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika alichookota kwetu. "Barua anasema fundi wa kinanda. Faili anasema fundi wa taa. Mara saba. Nani anadanganya?"

Nikaeleza. Lampe, valvu, redio, Wabelgiji. Nilionyesha kwa vidole ukubwa wa kile kichupa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Afisa hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Akasema kama mimi ni fundi wa taa, Wamalawi wa kubadilisha globu wamejaa, sheria haimruhusu kunipa kazi yao. Na kama ni fundi wa kinanda, basi nimetoka kambini mara saba kwa sababu ya uongo, nikijua, na hilo ni kosa, sitapewa pasi tena, na karani aliyeziandika ataitwa ajieleze.

"Chagua," akasema abusa. Alikuwa ananong'ona.

Nikamkumbuka karani na kalamu zake tatu. Nikawaza mke wangu akishikwa uchungu, na mimi siwezi hata kufika Madisi kutafuta gari.

"Taa," nikasema. "Mi fundi wa taa."

Afisa akaandika. Abusa akaikunja ile barua nzuri akaitia mfukoni. Ngazini akanishika bega, akasema tutaomba. Nilitaka kumtupa ngazini, mtu wa watu, hakuwa na kosa lolote.

Nilipofika kambini mke wangu alikuwa amefunga mizigo. Vifurushi vitatu na cherehani imefunikwa shuka. Aliniangalia usoni akajua wamekataa.

"Banakatala?"

"Banakatala."

Hakulia. Akaanza kufungua mafundo, moja moja, na mimi nikasimama pale kama mgeni. Baadaye kidogo mama wa Kindu alikuja, akaegemeza mkeka ukutani, akaweka sufuria chini bila kuigonga, akaondoka. Hata hodi hakupiga.

Binti yetu alizaliwa mle mle selini, wiki chache baada ya Pasaka, mama wa Kindu ndiye mkunga. Mke wangu hakunilaumu kwa kiapo chake, hakukitaja kabisa, na ningependa angekitaja. Mtoto alikuwa na siku nne hivi, ananyonya, mke wangu alipoinua macho akaniuliza, "Kile kinanda kinalia muzuri?"

"Kinalia."

"Hakitaharibika tena?"

"Si karibuni. Nilikitengeneza vizuri."

Akamhamishia mtoto titi la pili. "Ungeacha ata lampe moja ilegee," akasema, taratibu, bila hasira. "Bangekuita tena. Kila mwezi bangekuhitaji. Hukuwaza?"

Nikamwambia hapana, wazo hilo halikunijia kichwani.

Lilinijia. Siku ile ya pasi ya saba, kifuniko kikiwa bado wazi, nilikuwa nimeishika lampe ya mwisho kwa kitambaa, imelegea kidogo kwenye matundu yake, na nilijua kabisa nikiiacha hivyo itakaa mpaka Pasaka ipite, kisha itaanza kukatakata. Nilikaa nimeishika muda mrefu. Yule mama alikuwa anapiga. Nikaikandamiza mpaka ikakaa sawasawa.